Mbwa Ambaye Tonton Elia Hakuwa Naye

Nyasi kavu zikiungua mwezi wa Julai, Johannesburg yote hunuka kama chungu kilichosahauliwa mekoni. Kwetu Turffontein, upande wa kusini, harufu hiyo ilichanganyika na ya farasi wa uwanja wa mbio na ya mafuta ya kukaangia viazi, mtu akaizoea. Lakini kule Diepsloot, kaskazini kabisa, mji unapochoka na pori kuanza, ilikuja yenyewe bila kificho: moshi, vumbi jekundu, na mabati yaliyopigwa na jua. Hata leo jirani akichoma takataka zake, hunijia ile safu ya mwisho ya vibanda, na mtu mmoja akiupigapiga ukuta wa mbao kwa kiganja, kama anayekagua ng'ombe wake wa kwanza.

Mtu huyo aliitwa Elia. Sisi watoto tulimwita Tonton, kwa sababu alitoka Kongo, upande wa Fizi, na Wakongo hawakosi neno la Kifaransa la kumpa mjomba wasiyezaliwa naye. Sisi tulikuwa Warundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule kwetu. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha naye, katika kanisa letu lililokuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya mji, juu ya duka la jumla la mablanketi. Mwaka ulikuwa 2009, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili na imani kubwa mno na akili yangu. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza zipu na magurudumu ya mabegi ya safari, alimpenda Elia tangu siku ya kwanza, nadhani kwa sababu alikuwa mtu pekee pale kanisani aliyezungumza machache kuliko yeye. Majira yote ya baridi ya mwaka ule, kila Jumamosi, Baba alibeba nyundo na msumeno, akanibeba na mimi kama mkalimani wa majirani Wazulu, tukaenda kumsaidia kujenga.

Habari za Elia nilizipata vipande vipande, Baba akimsimulia Mama wakidhani sisikii. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipokamatwa barabarani na watu wenye bunduki, akiwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Walimpeleka kwenye machimbo ya dhahabu, naye akachimba miaka tisa. Hakulipwa, hakuruhusiwa kuondoka, na walioondoka bila ruhusa waliletwa tena ili wengine wawaone. Mkubwa mmoja alimuuza kwa mkubwa mwingine kwa redio na magunia mawili ya chumvi. Hilo la redio lilimsumbua sana Mama. Aliuliza kama ilikuwa redio nzima, yenye kufanya kazi, kana kwamba jibu lingepunguza kitu.

Sasa mtu huyo alikuwa na kiwanja cha hatua saba kwa tano, cha mwisho kabisa, ambacho hakuna aliyekitaka. Mwaka uliotangulia wageni walikuwa wamefukuzwa na kuchomewa vibanda sehemu nyingi za mji, na kukaa ukingoni maana yake ni kukosa jirani wa upande mmoja wa kukuficha. Elia aliona kinyume. Alisema akiwa pale hakuna atakayemjia kutoka mgongoni asimwone. Alijenga nyumba yenye milango miwili, mmoja ukitazama vibanda na mwingine ukitazama pori, na dirisha pana la kuuzia sabuni, mkate na mishumaa, kama zilivyo spaza zote, yale maduka madogo ya vitongojini. Alifanya kila kazi kwa mikono yake isipokuwa moja: mashimo ya nguzo. Ilipofika hapo alikaa pembeni, akamwambia Baba kwa upole, "Baba Neema, miye shimo nimemaliza." Baba, aliyekuwa na mgongo mbovu, alichimba yote manne, huku Elia akimletea maji kila baada ya dakika kumi kama mtu mwenye deni. Nyumba ilipopata paa aliingia kwa mlango mmoja, akatokea mwingine, akazunguka, akaingia tena. Nilihesabu mara sita. Nilicheka, na yeye akacheka. Ni mara pekee ninayokumbuka nimeyaona meno yake.

Kilichobaki kilikuwa karatasi. Bila kibali cha ukimbizi nyumba ile ilikuwa banda tu la kusubiria kukamatwa, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Kulikuwa na fomu ya kujaza kwa Kiingereza, na katikati yake nafasi tupu ya kueleza kwa nini ulikimbia nchi yako. Sasa, sisi watu wa kanisa lile tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeihubiri lakini wote waliifuata. Habari iliyompatia mtu karatasi haikutupwa. Iliazimwa, kama suti ya harusi, ikapunguzwa hapa na kupanuliwa pale mpaka ikamkaa mwenye zamu. Baba alikuwa ameazima moja kutoka kwa mtu wa mtaa wa Yeoville: nyumba kuchomwa, mke kuuawa, mtu kuvuka mto. Ilikuwa imeshapita mara tatu.

Tulikaa mezani kwetu, Jumapili mchana, mimi na kalamu. Elia aliisikiliza habari ya Yeoville mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mama, andika tu kwamba nilikuwa mtumwa."

Kwao mtoto wa kike huitwa mama, nami nililipenda sana jina hilo. Lakini Baba alikataa. Alimweleza kwamba watumwa ni watu wa zamani, wa minyororo na picha za vitabuni. Akisema hivyo atachekwa, na wasipomcheka watauliza alichimba kwa ajili ya nani, na wakishasikia ni watu wa bunduki watamhesabu kuwa mmoja wao. Hakuwa amekosea kabisa. Elia alibishana kidogo tu. Alisema alipotoka kule alijiahidi kwamba siku akiulizwa na mtu wa serikali, atalitamka neno lile mbele yake, liandikwe, lipigwe muhuri. Baba akamwambia, "Ndugu yangu, pata karatasi kwanza. Utalitamka ukiwa nayo mfukoni." Elia aliitazama mikono yake, kisha akakubali. Miaka tisa ilikuwa imemfundisha kukubali haraka kuliko sisi tulivyotambua.

Nikaandika. Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha muhula ule kwamba insha nzuri hushika hisi zote tano, nami nilikuwa wa kwanza darasani. Habari ya Yeoville ilikuwa kavu, sentensi nane. Mimi niliipa mwezi mchanga. Niliipa migomba inayowaka na harufu yake. Nilimuua mke wa Elia, mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo, kwa aya nzima yenye vivumishi vitatu kila mstari. Na kwa kuwa bado sauti ilikosekana, nikaweka mbwa, mbwa wao waliyempenda, akabweka mpaka mwisho kisha akanyamaza. Nililia mwenyewe nilipofika hapo. Baba aliona machozi yangu, akasema mtoto huyu atafika mbali. Nilipowasomea kwa Kiswahili, nilisoma zile sentensi nane walizozijua. Yaliyozidi niliyaacha, kwa sababu niliona haya kidogo, na kwa sababu nilidhani urembo hauhitaji kutafsiriwa. Elia aliweka sahihi yake, herufi nne kubwa, akiziandika moja moja.

Aliitwa kuhojiwa mwezi wa Septemba. Baba alimsindikiza akangoja nje ya geti. Jioni walikuja wote wawili nyumbani, Baba akiwa amekasirika kama nilivyomwona mara chache sana. Alisema Elia ameisahau habari. Mtu mzima ameshindwa kukariri sentensi nane. Ameulizwa jambo dogo akapotea, kisha akaanza kueleza mambo ya machimbo, na redio, na chumvi, na yule ofisa akafunga faili. Mama aliweka ugali mezani. Elia hakujitetea. Baba alipokwenda kunawa, aliinama kidogo upande wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote:

"Mama, yule mbwa alikuwa wa rangi gani?"

Aliendelea, kama anayetafuta namna ya kunisaidia: ofisa alimuuliza mbwa wake aliitwa nani, naye akauliza mbwa gani. Basi akaona kwamba habari ile ina vyumba asivyovijua, akaamua kusema yake, ambayo anaijua yote. Baba akarudi na mikono iliyolowa. Elia akamega ugali. Hakumwambia Baba, si siku ile wala nyingine, na mimi sikumwambia. Baba alikufa akiamini kwamba rafiki yake alikuwa na kichwa kizito.

Barua ya jibu ilikuja kabla ya Krismasi. Mimi ndiye niliyeisoma, pale Diepsloot, kwenye dirisha la kuuzia, yeye ndani na sisi nje kama wateja. Ilisema ombi limekataliwa kwa kuwa mwombaji ametoa maelezo mawili yasiyopatana, na ya pili yanaonekana yamebuniwa. Ya pili ndiyo yaliyokuwa ya kweli. Nilitafsiri kila neno safari hiyo, hata yale niliyoweza kuyaruka. Baba alianza kuzungumzia rufaa. Elia aliuliza swali moja tu, kama neno mtumwa limeandikwa mahali popote katika barua. Nikatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Halikuwemo.

Baada ya hapo aliacha kwenda mjini kununua bidhaa, maana njiani kulikuwa na polisi wa kuuliza karatasi. Rafu zake ziliisha kidogo kidogo: kwanza mkate, kisha sabuni, mwisho mishumaa. Kazi zote alizoziomba zilidai kibali, isipokuwa moja. Jumamosi moja ya Machi tulikuta milango yote miwili imefungwa kwa waya kwa nje. Jirani yake, bibi mmoja Mzulu aliyezoea kumpelekea uji, alitoka akiwa amejifunga blanketi. Eish, alisema, yule mtu ameondoka. Watu walikuja kumchukua, wenye taa za kichwani na mifuko ya unga, wale wanaoingia katika migodi ya dhahabu iliyoachwa kule magharibi na kukaa chini miezi. Alinisimulia mimi, kwa Kizulu, huku Baba akinitazama mdomoni akingoja tafsiri.

"Amekwenda kuchimba," nilimwambia.

Baba alicheka. Alisema bibi amechanganya, atakuwa mtu mwingine, Elia hawezi. Akanituma nimuulize tena. Nilimuuliza mara tatu. Hatukumwona tena, wala hatukupata mtu aliyewahi kumwona.

Leo nimesoma mpaka nimechoka kusoma, nina miwani miwili na mgongo wa Baba, na chuo kikuu kimoja cha mji huu hunilipa kuwafundisha vijana kuandika insha. Huwa siwaambii habari za hisi tano. Watu wetu bado huniletea fomu zao, ila siku hizi ninaandika wanachosema tu, sentensi kwa sentensi, na ninawasomea yote kabla hawajaweka sahihi. Nilijiona nimelipa kitu kwa njia hiyo. Mwaka jana alikuja mwanamke wa Uvira, akaeleza yake, nami nikaiandika ilivyo. Aliisikiliza, akaguna. "Dada, wewe si mwandishi? Hii imelala." Nilikataa kuongeza neno. Akanishukuru kwa adabu, akaipeleka fomu kwa kijana mmoja wa mjini mwenye kompyuta, ambaye alimwandikia nyingine kabisa, na akaikariri yote, kila chumba. Alipata karatasi yake mwezi wa tano. Alikuja kunionyesha, akiwa ameniletea maandazi. Nilimpongeza kwa moyo wangu wote, nikala mawili.