Ukurasa wa cherehani inayoruka mshono

Saa mbili asubuhi, Dada Mtandao anafuta vumbi la kompyuta kwa pindo la gauni, anakaa, na kabla hajagusa kazi ya mteja yeyote anaandika maneno matatu kwenye kisanduku cha kutafutia: cherehani inaruka mshono. Ukurasa unaotokea wa kwanza ni wake. Anautazama, anaitazama na simu iliyo kando ya kibodi, kisha anashusha pumzi. Simu iko kimya.

Jina hilo amepewa na majirani, na nusu yao hadi leo hawajui anafanya nini humo ndani. Wapo wanaodhani anacheza karata. Kazi yake ni kupanga maneno kwenye kurasa za biashara za watu, ili anayetafuta kitu mtandaoni azione kwanza. Huyaweka kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye sentensi ya mwanzo na kwenye vichwa vidogo, tena kwa kipimo.

"Mwenye duka anataka niandike 'ukarabati bora wa majokofu'. Nani anatafuta hivyo? Mtu nyama yake inaharibika, anaandika 'friji haigandishi'," anasema.

Ni kazi ya upweke, mtu asikudanganye. Wateja wengi hajawahi kuwaona sura. Wanatuma ujumbe, wanalipa kiasi cha kutosha kodi na chakula cha watu wawili, wanapotea. Huyo wa pili ni baba yake, fundi wa kutengeneza cherehani ambaye mikono sasa inatetemeka, anayekaa chumba cha mbele kutwa nzima akitazama mlango. Wanaongea kidogo.

Zamani walikuwa watatu. Mdogo wake wa kiume alijifunza ufundi kwa baba, akafundishwa yote isipokuwa hatua moja: namna ya kuiponya cherehani kuukuu inayoendelea kuruka mshono hata ukiibadilisha sindano. Siku moja akakwama hapo hapo, na mzee, mbele ya wateja, akamwambia, "Wewe si fundi, ni mbeba mfuko wa fundi." Mwana akauweka mfuko chini, akatoka. Akabadilisha na namba ya simu. Huu mwaka wa saba hawajui aliko.

Dada Mtandao akaona kama kuna mtu wa kumpata kwa njia ya mtandao, ni yeye. Akatengeneza ukurasa, akalijaza jina la mdogo wake katika kila mstari. Kosa la mwanafunzi, naye si mwanafunzi. Mitambo ya kutafuta ikamwona mlaghai, ikautupa ukurasa huko chini kabisa ambako hakuna anayefika.

"Halafu nikajiuliza, nani anakaa akatafuta jina lake mwenyewe? Nilikuwa nimeandika shida yangu. Nilitakiwa niandike ya kwake."

Na ya kwake aliijua. Popote alipo, kama bado anashika bisibisi, iko siku atakwama palepale, wala hatakuwa na wa kumuuliza. Ndipo ukazaliwa ukurasa wa cherehani, wenye hatua zote alizozieleza baba, na namba ya simu chini yake. Hatua ya mwisho tu mzee aliikatalia katakata. Anayeitaka apige, alisema, na siku moja atapiga mwanawe.

Walipiga kweli, mafundi na washonaji wa kila upande. Kila simu ilipolia mzee alinyanyua shingo, na kila mara ilikuwa sauti ya mtu mwingine. Dada Mtandao alipokea, akampa mzee simu awaelekeze, na anakiri kwamba zile sauti za wageni zilimchangamsha moyo kuliko alivyotarajia.

Lakini ukurasa usiojibu swali haudumu. Watu waliingia, wakakuta jibu limekatwa, wakatoka mbio, na ukurasa ukaanza kuporomoka. Akamweleza baba kinagaubaga kwamba wakiendelea kuificha hatua ile, mdogo wake hata akitafuta hatawaona. Kesho yake mzee akavuta kiti hadi kwenye kompyuta, akaanza kusema polepole: legeza skrubu inayoshika chuma cha sindano, kishushe kidogo sana, mpaka ile ncha inayodaka uzi ipite juu tu ya tundu la sindano, kisha kaza.

Binti alidhani wamemaliza.

"Andika na hii," mzee akasema. "Mwanangu, hatua hii ilikuwa haki yako, mimi nikakunyima."

Binti akamwambia kwamba maneno hayo hayatausaidia ukurasa, maana hakuna anayeyatafuta.

"Yupo mmoja," baba akajibu.

Ukurasa ukapanda hadi juu kabisa, na simu ikanyamaza. Nani apige tena, wakati jibu lote liko pale? Nyumba imerudia ukimya wake, na Dada Mtandao hafichi kwamba unamwelemea. Kuna asubuhi huinua simu kuangalia tu kama ina chaji.

Mpango wake ni mmoja: kuulinda ukurasa huo usishuke, hata wateja wote wakimkimbia. Anaamini ukimya huu una faida yake, na amemwambia hivyo baba.

"Zamani ikilia, tulikuwa hatujui ni nani anataka nini," anasema. "Sasa dawa ya cherehani wanajisomea wenyewe. Atakayepiga namba hii, atakuwa anatutafuta sisi."