Mbwa Aliyelala Kizingitini

Sikumrudisha. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Ushirombo wapo wanaoniuliza hadi leo, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, yule mbwa nitamrudisha lini.

Nilimchukua mwaka juzi, miezi michache baada ya kumzika mke wangu. Wezi walikuwa wamevunja dirisha la jikoni wakabeba sola na madebe mawili ya maharage. Binti yangu, anayeishi Shinyanga mjini, akanitaka nichague: nihamie kwake, au nifuge mbwa. Nimekuwa katekista, mwalimu wa dini wa kigango hiki, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kaburi la mke wangu liko nyuma ya nyumba, naliona nikifungua dirisha la chumbani. Nikamwambia tutafute mbwa.

Akanipeleka kwenye kituo cha kuokoa wanyama, nje kidogo ya mji, kinachoendeshwa na mama mmoja aliyestaafu udaktari wa mifugo. Nilidhani ningeoneshwa mbwa, nichague, niondoke. Badala yake nilikalishwa kwenye benchi nikahojiwa. Mbwa atalala wapi? Atakula nini? Nikiugua, nani atamtazama? Maisha yangu yote nimekuwa upande wa kuuliza, nikiwahoji wachumba kabla ya ndoa, na siku ile nilielewa kwa nini walikuwa wakitokwa jasho.

Mbwa wote walikuja kwenye wavu wakibweka, isipokuwa mmoja: jike wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika nusu, amelala ameelekea ukutani. Daktari akanieleza habari zake bila kuzipamba. Alikuwa wa mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo, lilititia na yule bwana akabaki chini. Mbwa alikaa mdomoni mwa shimo siku nyingi akifukua, mpaka kucha zikatoka damu. Wachimbaji wakasema ana mkosi, wakawa wanampiga mawe, hadi mpita njia mmoja akamchukua na kumleta kituoni. Tangu afike, kila aliyesikia habari zake alichagua mbwa mwingine.

Mimi sikuona mkosi. Niliona mfiwa mwenzangu. Nikatia sahihi.

Konda wa basi alisema mbwa aende kwenye buti pamoja na mizigo. Nikamwambia kama ni hivyo tutaingia huko sote wawili, akafunga mlango wa basi. Binti yangu akaazima gari la jirani yake akatufikisha Isaka, na hapo dereva wa lori lililokuwa linapeleka shehena magharibi akatupakia. Aliuliza jambo moja tu, kama mbwa anatapika. Alitapika tulipofika Kahama, nikapafuta kwa koti langu la Jumapili.

Mtaani walicheka sana, hasa walipoona kadi yake ya chanjo ya kichaa. Kijana mmoja pale kijiweni akaniuliza, "Mwalimu, mpaka cheti? Sasa mahari umetoa ng'ombe wangapi?" Nikamjibu kwamba bibi harusi ni yatima, hakuna wa kupokea. Kicheko hicho kilikuwa kizuri, nami nilicheka nao.

Kosa langu nililifanya Jumamosi. Katika jumuiya yetu ndogo, Injili ikishasomwa, kila mwenye neno hulitoa. Nikasimama nikasimulia yale ya duara, kucha na damu. Nilidhani wangeona uaminifu. Waliona shimo. Nusu ya nyumba zetu zina mtoto machimboni, na mwenyekiti wa jumuiya, mama ambaye ua wake na wangu hutenganishwa na minyaa tu, mwanawe wa pekee anachimba upande wa Bugarama. Tangu siku hiyo aliniamkia akiwa amesimama mbali.

Mwezi wa kumi, sanamu ya Bikira Maria huzunguka kwetu nyumba kwa nyumba. Jioni watu hukusanyika kusali rozari, na sanamu hulala hapo hadi kesho yake. Ratiba ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa. Kwa miaka yote, baada ya nyumba ya mwenyekiti hufuata yangu. Safari hii baada ya nyumba yake ilifuata ya jirani yangu wa upande wa pili; yangu ilikuwa imerukwa. Nilisoma mara tatu nikiwa nimevaa miwani.

Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, bila kunikaribisha kiti.

"Marahaba, mama. Nyumba yangu imeanguka?"

Akaendelea kuchambua mchele. Alisema watu wanaogopa kuingia. Alisema kuna wanaosema mbwa aliyelala juu ya maiti haachi kuita maiti mwingine. Kisha akaweka ungo chini.

"Mwalimu, mimi nina mtoto shimoni. Wewe una mbwa."

"Nilikufundisha katekisimu kwa mdomo wangu," nikamwambia. "Nilikuuliza nani aliyeumba vitu vyote, ukajibu Mungu. Sikumbuki ukiongeza isipokuwa mbwa."

Hakucheka. Akasema mbwa akiondoka, ratiba itarekebishwa siku hiyo hiyo. Nikamjibu kwamba mbwa haondoki.

Ningeweza kwenda kwa paroko. Sikwenda, kwa sababu paroko angeamuru, nao wangekuja na nyuso za kuamriwa. Binti yangu alisikia, akapiga simu, akasema kama mambo ni magumu nimrudishe mbwa kituoni nami nihamie kwake. Nikamwambia baba yake amezeeka, hajahama. Baada ya simu nilikaa na mbwa kibarazani. Sikuwa na hasira na yule mama. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na jina la mwanawe lilikuwa katika sala zangu kila asubuhi tangu aliposhuka duarani mara ya kwanza. Lakini hofu haiwezi kupewa ratiba ya kanisa iiandike.

Siku ya zamu ya mwenyekiti ilipofika, nilitoa meza nje, nikatandika kitambaa alichodarizi marehemu mke wangu, nikawasha mshumaa. Mbwa akalala miguuni. Ng'ambo ya minyaa nilisikia watu wameshakaa wanasubiri, mwenye nyumba anatafuta kiberiti. Ilikuwa saa kumi na moja kamili. Nikafanya ishara ya msalaba na kuanza, kwa ile sauti niliyokuwa nikiwaitia watoto kutoka mashambani kabla kigango hakijapata kipaza sauti.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

Nilipofika mwisho wa sehemu yangu, nikanyamaza.

Mkatoliki aliyelelewa hapa, ukimsomea nusu ya kwanza, nusu ya pili hutoka yenyewe. Sauti ya bibi mmoja ikatangulia, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," na kabla hajafika "utuombee" ua mzima ulikuwa umeitikia. Nilisikia mtu akijaribu kuwanyamazisha. Nikaanza ya pili. Wakaitikia. Niliongoza mafungu yote matano ya rozari kupitia minyaa, na kwenye fungu la tatu nikatoa nia ya sala: kwa ajili ya vijana wetu walio chini ya ardhi, nikamtaja mwanawe kwa jina. Kwenye Salamu Maria iliyofuata, sauti ya mwenyekiti ilikuwa miongoni mwa wanaoitikia. Naijua. Niliifundisha.

Tulipomaliza, mwenyekiti akaniita kutoka ng'ambo ya minyaa.

"Mwalimu. Kesho tunakuja kwako. Mfunge huyo mbwa."

"Karibuni sana, mama. Simfungi."



"Basi asikanyage mkeka."

"Hatakanyaga."

Walikuja. Mbwa alikuwa amelala kizingitini, mahali pake, nami sikumsogeza, ingawa ningeweza. Wakamruka mmoja mmoja, akina mama wakikunja kanga, wanaume wakijifanya hawajamwona. Mwenyekiti alikuja wa mwisho, amebeba sanamu kifuani kwa mikono miwili, asiweze kuona anapokanyaga. Akasimama mlangoni. Mbwa akainua kichwa.

"Niambie alipo," akasema.

Nikamwambia. Akainua mguu juu, akavuka, akaingia.