Kiyoyozi cha Chumba cha Mama

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, watu walimwita Bwana Kibali, na jina hilo alilichuma mwenyewe. Yeye ndiye mkaguzi wa mashine za joto na baridi majumbani katika vijiji vyote vya upande wetu. Ukifunga hita ya gesi bila kibali, anakuja na ngazi yake juu ya pikipiki, anapanda, anachungulia bomba la moshi, anashuka na kukuamuru uing'oe. Chai yako hanywi. Hata harusini, ukimkaribisha kiti, macho yake yako darini.

Mimi ni fundi wa viyoyozi, kwa hiyo tuligombana kikazi na kupatana kifamilia. Lakini sheria aliijua, na aliwaeleza watu bila kuchoka: hita ya gesi, kibali; mtambo wa kupoza nyumba nzima, kibali; kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja kijijini, toa taarifa tu, funga, ulale.

Mwaka ule joto lilikuja vibaya. Mama yao, mkwe wangu, aliishi peke yake kijijini, katika nyumba ya bati aliyojengewa na marehemu mumewe, na alishaapa kwamba atatoka humo siku ya kubebwa tu. Presha ikawa inampanda, daktari akasema chumba chake kipozwe. Mke wangu akanunua kiyoyozi kidogo, nikakipeleka pamoja na vifaa vyangu vyote. Bwana Kibali akanizuia mlangoni.

"Kwa mama tutaomba kibali," alisema.

Nilimkumbusha kwamba hakihitajiki. Alisema anajua, ila majirani karibu wote pale alishawang'olea kitu, na kesho watasema nyumbani kwa mkaguzi sheria imelala. Sheria ni msumeno, akaniambia. Nikamjibu kuwa hapa hakuna hata mti wa kukata. Akashikilia lake: hata kusaini hatasaini mwenyewe, atamwomba mkaguzi wa wilaya nyingine. Mama mkwe, aliyemwonea fahari mwanawe kupita kiasi, alisema tumwache, kazi ni kazi.

Basi boksi likabaki ukumbini. Mama akalitandikia kitambaa, akaweka redio na chupa ya chai, kisha miwani, kisha dawa zake za presha. Yule mkaguzi mgeni alikuwa na vijiji vyake, wala hakuelewa kwa nini aitwe kukagua kisichokaguliwa. Akaahirisha, akaahirisha tena.

Mchana mmoja Mama aliburuta godoro kwenda barazani kutafuta upepo. Akateleza kwenye ngazi ya mlango, nyonga ikavunjika.

Kibali kilitoka yeye akiwa wodini. Shemeji alitaka kiyoyozi kifungwe hivyo hivyo, na sikuwa na moyo wa kubishana. Tulipomaliza, jirani mmoja, mama wa makamo aliyewahi kung'olewa hita, alikuja kuuliza hali ya mgonjwa. Shemeji akaanza kujitetea bila kuulizwa, kwamba alichelea maneno yao.

Yule mama alimtazama kwa huruma. Heri angemtukana.

"Maneno gani, baba? Sisi tulikuwa tunashangaa unangoja nini. Kwa mama yako, nani angesema?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Huyu wake hakukawia kuzaliwa.

Mama sasa anaishi kwetu mjini, anatembelea gongo, na nyumba ile yenye ngazi haimfai tena. Kila Jumamosi shemeji huenda kule kukiwasha kiyoyozi. Anasema mashine ikikaa bure inaharibika, na ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia. Juzi nilimfuata. Nilimkuta ameketi kando ya kitanda kisicho na godoro, amevaa koti, chumba kimepoa vizuri kabisa. Nilikuwa nimemkasirikia miezi yote ile. Hasira ikaniisha pale pale, nikabaki kumwonea uchungu.

Akitoka huko hupitia kwetu, na Mama humuuliza swali lile lile.

"Kule kwangu joto limepungua?"

"Limepungua, mama."

"Basi nirudishe, mwanangu."

Shemeji huinua macho darini, na sote tunajua hakuna anachokagua.