Jani la Isale Juu ya Kibo

Usiku ule Baba Aika alinijia akiwa kijana wa mwaka wa unga wa njano, mwaka ule tuliokula ugali wa mahindi ya meli mpaka watoto wakasahau rangi ya unga wetu. Alivaa sweta lake lililotoboka kiwiko, begi la mgeni kichwani. Huyu mume wangu alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro. Nilimzika zamani, pale kwenye migomba, ila ndotoni sikukumbuka.

Mwaka huo wa unga wa njano aliniomba nipande naye, mara moja tu.

"Mama Aika, Wazungu wanavuka bahari kuuona mlima. Wanafunzi wa Moshi wanapanda wakiimba. Wewe uliyezaliwa chini yake unauchungulia juu ya paa la jiko."

Nikamjibu huku nafunga majani: "Siendi. Ng'ombe atakula nini?"

Akacheka, akaenda. Alipanda miaka na miaka mpaka magoti yakamwisha, na kila aliporudi nilimwuliza habari za juu, kama mtu anayeulizia harusi aliyokataa kwenda. Hilo nimelijutia hadi uzee.

Basi ndotoni usiku ule alishika njia ya mlimani. Alinipungia mkono, nikamfuata, miguu mitupu, mzigo wa majani kichwani. Tunaingia msituni, mbega wanatutazama kutoka juu ya miti. Mara niko kambi ya Mandara, wageni wanakunywa chai na bisi, mmoja anaupiga picha mzigo wangu. Nageuka, miti imekwisha. Ni mawe matupu na baridi inauma meno. Sichoki. Mimi huyu ambaye siku hizi ngazi za kanisa tu napanda nimeshika ukuta.

Kisha tuko ukingoni. Shimo la Kibo liko chini yetu, mviringo kama chungu, limejaa jivu, linanuka kiberiti vilevile alivyonisimulia. Nalia bila aibu. Kule nyuma, mbali chini, naiona migomba yetu, ndogo kama kiganja, na moshi wa jiko langu.

Baba Aika anashuka hatua mbili shimoni. Anageuka, ananinyooshea jani la isale. Kwetu Uchagani anayekuletea isale amekuja kukusihi, na ukishalipokea huna tena la kukataa.

"Nisamehe nilitangulia," anasema. "Tua mzigo, twende. Huku chini kuna joto."

Natamani kulipokea. Mungu ananiona, natamani kuliko nilivyotamani chakula mwaka ule. Lakini isale hupokelewa kwa mikono, na mikono yangu yote miwili imeshika majani. Nikiyatua nimeshuka naye. Hapo ndipo nakumbuka kaburi lake. Na kutoka kule chini kwenye migomba ng'ombe wangu analia, mara moja tu, kama anavyolia akichelewa kulishwa.

Namjibu.

Anacheka kile kicheko chake cha zamani. Anapanda zile hatua mbili, analichomeka jani kwenye mzigo wangu.

"Basi mwambie Manka," anasema, "akichoka kule juu asikae kwenye jivu. Anayekaa husinzia, na baridi humkuta hapohapo."

Nikaamka. Kumekucha, mikono yangu iko juu ya kichwa, imekakamaa. Manka, mjukuu wangu anayeongoza wageni mlimani, alikuwa amekaa kizingitini anafunga viatu. Nikampa ujumbe wa babu yake, nikamweleza na habari ya isale. Akaziachia kamba.

"Bibi, Babu alikuja kukuchukua?"

"Alikuja."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia maneno yaleyale, ila safari hii sijuti. Siendi. Ng'ombe atakula nini?"