Taa za Pembeni

Nilinunua skrini ile kwa sababu ya shingo. Mimi huchora ramani za mabomba kwa ajili ya makampuni yanayofanya kazi migodini, na kwa miaka mingi nilizichora kwenye kompyuta ndogo ya kubebea, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ukifika umri wangu, shingo haisamehe. Nikaenda mjini, nikaingia katika duka la vyombo vya umeme, nikaomba skrini kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Muuzaji akanitolea hii. Ilikuwa pana karibu kama meza yetu ya kulia, na pande zake mbili zimejipinda kumwelekea anayekaa mbele yake.

“Hii iko ya ma-jeux, mama,” akasema. “Batoto ba bariche njo banachezeaka.” Yaani ni ya michezo ya kompyuta, ya watoto wa matajiri.

“Miye shichezake. Hamuna ingine?”

“Ya ukubwa hii, hapana.”

Nikainunua. Mtu hujikuna ajipatapo. Dereva wa teksi aliifunga kwa kamba kwenye buti, nusu ya sanduku ikabaki nje, na barabara yetu nzima ikaona. Kabla ya jioni majirani watatu walikuwa wamekuja kunipongeza kwa televisheni mpya na kuuliza kama Jumapili nitaonyesha mechi. Niliwaambia si televisheni. Hawakuniamini, na mmoja wao tangu siku hiyo hunisalimia nusu nusu.

Baba yangu naye hakuipenda. Ninaishi naye, au niseme yeye ndiye ninayeishi kwake, maana nyumba ni yake, aliinunua alipokuwa bado dereva wa treni. Mama alishafariki, ndugu zangu wametawanyika, tumebaki sisi wawili. Alisogea karibu, akapitisha kiganja juu ya skrini kutoka ncha hadi ncha, akatikisa kichwa.

“Balikuibia, mama,” akasema. Mimi ni binti yake, lakini nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama. “Ona, imepinda.”

“Papa, banaitengenezaka vile.”

“Nani anatengenezaka kintu ya kupinda? Reli ikipinda, njo jua iliipiga. Rudisha.”

Nilimweleza juma zima, halafu nikachoka, nikamwacha aamini kwamba nimeibiwa.

Hapa lazima niseme jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Baba alishuka kwenye treni, yaani aliacha kazi, kabla ya wakati wake. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea uhandisi. Siku moja alirudi nyumbani, akaweka mfuko wake chini, akasema, “Nimeshuka.” Hakuwa amegombana na mtu, wala hakuwa na ugonjwa tuliouona. Mama alilia mwezi mzima. Mshahara ulikoma, nami nikaacha chuo, nikajifunza kuchora, na tangu hapo nachora yale ambayo wahandisi wamekwisha kuyafikiri. Kwetu mtoto hamuulizi baba yake jambo kama hilo. Humpitia mjomba, na mjomba alikuwa ameshakufa. Basi sikuuliza. Nilikasirika tu, kimya kimya, zaidi ya miaka ishirini.

Furaha ya baba ilikuwa baiskeli. Kila Jumamosi asubuhi aliweka pakiti ya sukari mfukoni, akapanda, akaenda upande wa Karavia kumtembelea mzee aliyekuwa msaidizi wake kwenye treni. Njiani alilazimika kukata barabara ya malori ya shaba, na malori yale hayamngoji mtu. Mwaka jana alirudi na suruali imejaa tope. Alikuwa ameangukia mtaroni, akalaumu breki. Nikamwomba aache.

“Nikiacha kinga, nitabakia na nini?” akaniuliza. Kinga ndiyo baiskeli, hapa kwetu. Kila Jumamosi nilichora huku sikio liko getini, na sikupata pumzi kamili mpaka nisikie kengele yake.

Siku nyingine zote sita alikaa nyuma yangu. Alitazama mabomba yangu yakitembea kwenye skrini, akauliza hili linatoka wapi, lile linaenda wapi, mbona hukuweka valvu hapa. Ninampenda baba yangu, lakini kufikia saa nane mchana kichwa kilikuwa kinawaka. Mfanyakazi mwenzangu mmoja ndiye aliyenipa mchezo wa kuendesha treni. Nikauweka, nikamwambia baba: kuanzia saa kumi, skrini ni yako, kwa muda wa saa nzima. Nia yangu, nakiri, ilikuwa nilale.

Aliujua mchezo kwa siku mbili. Alilalamika kwamba breki zinashika haraka mno na honi inalia kama mbuzi, lakini hakutoka kitini. Kisha akaniita.

“Mama, leta kiti. Kaa huku, ku gauche.”

“Kufanya nini, papa?”

“Machiniste hatembeaka peke yake. Weye njo aide.”

Akanifundisha kazi. Msaidizi hutazama njia, akiona taa anaitaja kwa sauti, na dereva anairudia, ili kila mmoja ajue mwenzake yuko macho. Njia ikiwa wazi: “Voie libre!” Ikifungwa: “Fermé!” Basi kila siku saa kumi, badala ya kulala, nilikaa kushoto kwa baba nikipiga kelele za taa za nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduze. Waliosema hivyo hawakumuuliza ng'ombe. Lakini alikuwa na furaha, na kuna siku nami nilicheka, hasa alipoikemea kompyuta kwa Kifaransa cha wakubwa wake wa zamani.

Siku moja umeme uliondoka asubuhi, ukarudi alasiri, nami nilikuwa na ramani ya kupeleka. Niliimaliza saa kumi ikigonga, mgongo umekufa, macho yanachoma. Nikahamia kiti changu cha kushoto. Nilisema “Voie libre” mara mbili, halafu usingizi ukanichukua pale pale nilipokaa.

King'ora kiliniamsha. Treni imesimama, na kwenye skrini maandishi makubwa yanasema dereva amepita taa iliyofungwa. Baba ameweka mikono mapajani.

“Ulinyamaza,” akasema.

Uchovu ukanipanda kichwani. “Papa! Signal iko pale, mukubwa sawa sahani! Lazima miye nikuambie?”

“Wapi?”

Nikamwonyesha kwa kidole, kwenye ukingo wa kushoto. Hakuitafuta kwa macho. Aligeuza kichwa chote, polepole, mpaka pua ikaelekea pale pale. “Ah,” akasema. “Njo ile.”

Hasira zikaniisha palepale, na kilichobaki kilikuwa hofu. Nilifunga mchezo, nikafungua ukurasa mweupe wa kuchorea, nikaweka nukta moja nyekundu. “Papa, angalia katikati. Usigeuke. Utaniambia ukiiona.” Nikaivuta nukta kutoka ukingo wa kushoto. Ilitembea, ikatembea. Alisema “Iko” ilipokuwa karibu kufika mbele ya pua yake. Nikaivuta kutoka kulia, ikawa vile vile. Nilirudia mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Mwisho, kwa mazoea ya kazi, nilichora mstari mwembamba kila mahali alipoanza kuona. Kati ya mistari ile miwili palikuwa na upana wa viganja viwili. Sehemu nyingine yote ya skrini, upana wote ule niliobeba kwa teksi, kwake haikuwepo. Kompyuta yangu ndogo isingenionyesha kitu, kwa sababu nzima ingeingia ndani ya mistari ile.

Nikakumbuka vikombe. Alikuwa anagonga kikombe chochote nilichokiweka pembeni, nami nikimgombeza. Nikakumbuka jirani wa mkono wa kushoto aliyelalamika kwamba mzee siku hizi ana majivuno, haitikii mtu akipunga mkono. Nikakumbuka mtaro. Nilikuwa naishi na mtu anayeona dunia kupitia tundu la ufunguo, na kila siku namwambia awe mwangalifu. Niliona haya sana.

Hospitalini walimkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, limepinda kwa ndani, wakamwekea kidevu mahali pake na kumpa kitufe. Taa ndogo zinawaka humo ndani huku na huku, akiiona moja anabonyeza. Alikaa wima kama yuko kazini. “Aide yangu eko wapi?” akamuuliza nesi, na nesi akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, naona taa zikiwaka na kuzimika, na kitufe hakilii.

Daktari alieleza kwamba ni presha ya jicho. Huanza kula pembeni, miaka mingi, bila maumivu. Matone yatalinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Kisha, tukiwa kwenye korido, baba ametangulia, akaniambia kwa sauti ndogo, “Na asipande tena baiskeli.” Aliniambia mimi, hakumwambia yeye. Kazi ya kumwambia ikawa yangu.

Nikashindwa. Jumamosi ya kwanza nilificha pampu, akaazima ya jirani. Jumamosi ya pili mvua ilinisaidia. Ya tatu nilimfuata kwa teksi, mbali, kama mke mwenye wivu. Pale kwenye barabara ya malori alishuka, akageuza kichwa chote kushoto, akakigeuza chote kulia, akarudia tena, halafu akapanda na kukata. Lori likapiga honi ndefu. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ng'ambo, anakanyaga pedali taratibu, mgongo umenyooka. Nilirudi nyumbani kabla yake, nikajifanya nachora. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza hata kulia.

Jumatatu, saa kumi, hakuwasha treni. Alikaa tu kwenye kile kiti cha katikati.

“Mama. Docteur alikuambia nini juu ya kinga?”

Nikamwambia yote. Nilitegemea atakasirika, nilitaka hata akasirike, ili nami nipate pa kuanzia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa ratiba anayoijua.

“Nilipitaka signal rouge,” akasema. “Ile ya kweli. Na bantu mu treni, bengi. Aide alikuwa anachoka, alilala kidogo, sawa weye. Miye shikuiona. Yeye njo aliamuka, akapiga kelele, nikafunga breki. Tulisimama. Akuna kintu ilitupiga.”

“Lini, papa?”

“Kesho yake nilishuka. Akuna muntu alijua. Aide aliniambia, chef, shitasema, na hajasemaka mpaka leo. Mais machiniste mwenye haone signal, anashuka. Hangojake bamushushe.”

Kumbe ndiyo sababu ya sukari ya kila Jumamosi. Nilikaa nikiitazama skrini iliyozimika, na ndani yake tulionekana sisi wawili, tumepinda kidogo.

“Na shiye?” nikamuuliza. “Mbona haukutuambia? Niliacha masomo, papa. Nilizani ulichoka tu na kazi. Haukuona?”

“Niliona,” akasema. “Ile niliionaka muzuri. Ilikuwa mbele yangu kila siku, katikati.”

Nilitafuta ile hasira yangu ya miaka ishirini, niliyoitunza vizuri kuliko nguo za Pasaka, nikashindwa kujua sasa niiweke wapi. Mtu ambaye angeweza kuua watu alishuka ili asiwaue, na bei yake ilikuwa mimi. Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo lilinichosha kuliko yote, kwamba hakuna aliyekosea. Nililia kwa sauti, mtu mzima, na baba hakuniambia ninyamaze. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa kufuli ya baiskeli, akauweka juu ya kibodi, mbele yangu.

Skrini bado ipo. Mchana ni yangu na mabomba, saa kumi ni ya baba. Nimeisogeza treni yake, sasa dirisha la mchezo nimelipunguza likaingia kati ya ile mistari miwili, ingawa bado ananidai nimtajie taa, nami namtajia.

Jumamosi iliyofuata siku ile ya ufunguo tulitoka kwa miguu kwenda kwa msaidizi wake, mimi kushoto kwake nimemshika mkono, sukari mfukoni mwake. Tulipofika kwenye barabara ya malori, nikaona moja linakuja kwa kasi, limejaa, upande wangu.

“Fermé,” nikasema.

“Fermé,” akarudia, akasimama papo hapo, miguu pamoja, anatazama mbele. Lori lilipita. Yeye aliliona lilipokuwa tayari liko mbele ya uso wetu, na nikasikia mkono wake ukishtuka ndani ya wangu. Nikangoja vumbi litue. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikatazama kushoto tena.

“Voie libre, papa.”

“Voie libre,” akasema, na akavuka bila kugeuza kichwa.