Kaswera Achagua Benuari

Mtu mwenye kitu kibovu cha kuuza hapa Hombo ni heri akiuze asubuhi mapema, kabla Kaswera hajapita. Amezaliwa Butembo katika ukoo wa wachuuzi, na mama yake alimfundisha kununua kabla ya kumfundisha kusonga ugali. Bakuli ataligonga kwa ukucha asikilize mlio wake. Kitenge atakivuta, atakinusa, na muuzaji akigeuka kidogo tu, atakilamba ncha ajue kama rangi inatoka. Duka lake liko kando ya barabara kubwa. Anauza misumari, kufuli, rangi, bawaba na sabuni, na sijasikia mteja aliyerudisha kufuli lake. Ndiyo maana iliposemekana kwamba Kaswera huyohuyo ndiye aliyemwita fundi Zéphyrin aje kumpima mume wake, watu walidhani wanadanganywa.

Mume wake ni Nzanzu. Zamani alikuwa dereva wa Fuso yao wenyewe, akipeleka bia, chumvi na mafuta kutoka Goma kupitia Masisi hadi Walikale. Ni mwanaume mrefu, na usafi wake ulipita kiasi: hata njia ikiwa matope matupu, yeye alishuka kwenye gari na shati jeupe, wapakiaji wakimcheka. Kisha msimu mmoja wa mvua, kwenye mteremko wa Masisi, Fuso iliteleza ikalala ubavu. Alilazwa hospitali ya Kirotshe kwa muda mrefu, akatibiwa vizuri, akarudi nyumbani mzima, isipokuwa mguu wa kushoto ambao ulikataa kukunjika na mgongo ambao ulikataa kuinama.

Mtu asiyeinama hawezi kuoga kwa beseni. Ni jambo dogo, hakuna anayelifikiria mpaka limfike. Kila siku jua likielekea kuzama, Kaswera alichemsha maji kwa makaa, akamketisha mumewe kwenye kiti cha plastiki, akamwosha mgongo, miguu na kila mahali. Aliifanya kazi hiyo bila kununa. Aliyenuna ni Nzanzu. Na Kaswera akisafiri kwenda Bukavu kununua mali, Nzanzu haogi. Wapwa wapo, majirani wapo, lakini yeye amesema hakuna atakayemwona uchi isipokuwa yule aliyemwoa mbele ya padri, na kwa ubishi mtu huyo hana mwenzake katika Walikale nzima.

Safari moja mvua ikakata daraja, Kaswera akakwama njiani siku nyingi. Aliporudi alimkuta mumewe amejifungia chumbani. Madereva wenzake wa zamani walikuwa wamepita kumsalimu, wamemletea hata samaki, naye akajifanya amelala mpaka wakaondoka, kwa sababu alikuwa ananuka na alijua kwamba ananuka. Misa alikuwa ameshaiacha. Dukani hafiki. Kaswera alisimama mlangoni na mizigo yake bado kichwani, akaogopa kweli. Aliona kwamba asipompatia huyu mwanaume njia ya kujiosha kwa mikono yake mwenyewe, atampoteza akiwa hai, nyuma ya pazia, hatua chache kutoka dukani.

Hapo ndipo wazo la benuari lilipomjia, lile beseni kubwa la kuogea ambalo mtu huingia mwili mzima. Alikuwa ameziona Bukavu, zimepangwa nje ya maduka. Shida ni kwamba chumba chao cha kuogea ni kidogo, cha mbao na sakafu ya saruji, mtu mnene akigeuka ndani anapaka ukuta sabuni. Tena mlango ulifungukia ndani, ukala nusu ya nafasi. Kaswera akaona lazima fundi aje apime.

Zéphyrin ni mtu wa hapahapa, baba zake ni wawindaji wa msitu huu, na kwa mbao hana mpinzani. Ametengeneza vitanda vyetu, milango yetu na madawati ya kanisa. Ametengeneza pia majeneza yetu yote. Kaswera hilo hakulifikiria. Kwake yeye Zéphyrin alikuwa mteja mwema wa misumari, basi. Fundi akapima chumba, akapima mlango, akasema mlango utafungwa upya ufungukie nje na nafasi itapatikana. Halafu akasema, kwa nia njema kabisa:

“Sasa tupime na Papa, Mama. Tujue urefu yake.”

Chumba hupimwa kwa mita, lakini kwa watu Zéphyrin ana kamba yake ya mafundo. Nzanzu alikuwa amejilaza kitandani, miguu imenyooka. Alipofungua macho alimwona Zéphyrin ameinama juu yake, kamba imenyooshwa kutoka utosini hadi kisiginoni.

“Zéphyrin,” akasema Nzanzu polepole, “kamba iyo unapimaka nayo banani?”

Zéphyrin hajui kusema uongo. “Batu bote, Papa.”

Sitaeleza maneno yaliyofuata, maana mengine yalikuwa ya kidereva. Zéphyrin alitoka mbio, kamba ikining'inia begani, na ng'ambo ya barabara alikuwa amekaa Mama Agathe, kiongozi wa akina mama wa parokia. Mama Agathe aliona fundi wa majeneza anatoka kwa mgonjwa na kamba yake. Angefikiri nini? Chai ya Kaswera haijachemka, akina mama wameshaingia uani, wengine na kuni, wengine na sufuria za matanga, mmoja ameanza kilio tangu barabarani. Agathe akamkumbatia Kaswera kwa nguvu.

“Pole sana, dada. Ametuacha saa ngapi?”

Nyuma ya pazia sauti ikanguruma: “Bado! Mungoje kidogo!”

Leo tunacheka. Siku ile Kaswera hakucheka, na Nzanzu hakula. Alimwita mkewe akamwambia neno moja tu: “Mama Anastasie, ile sanduku yako ya maji, usiilete mu nyumba yangu.” Anastasie ni binti yao wa kwanza, ameolewa Butembo, na Nzanzu akilitumia jina hilo kwa sauti ile ya chini, mazungumzo yamekwisha.

Mwingine angeacha. Kaswera alipanda lori la Bukavu. Kipimo cha chumba alikuwa nacho. Kipimo cha mtu hakuwa nacho na hakuna tena wa kukichukua. Lakini yeye mwenyewe si mfupi, akisimama kando ya mumewe kichwa chake kinafika sikioni, na njiani alikata shauri.

Muuzaji aliitwa Polycarpe, kijana mwenye maneno mengi na viatu vya kung'aa. Alimpeleka moja kwa moja kwenye benuari ndefu ya chuma, nyeupe, nzito.

“Mama, iyi njo ya bakubwa. Unalala ndani mpaka usingizi inakubeba.”

“Nipatie ufagio,” akasema Kaswera.

Polycarpe akaleta ufagio. Kaswera akavua viatu, akafungua kitenge chake cha juu, akaulaza mpini wa ufagio nyuma ya mguu wake wa kushoto na kuufunga kwa kitenge kwa mafundo matatu, kuanzia pajani hadi chini ya goti. Mguu ukawa mti. Kisha mama mzima, mke wa mtu, mwenye duka lake, akaingia ndani ya benuari mbele ya watu wote wa barabara ile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Kaswera hajawahi kununua kitanda kwa kukitazama.

Kuingia aliingia, kwa kuanguka. Kulala, alilala vizuri. Kutoka ndiko kulikomshinda. Hakuna pa kukanyaga, hakuna pa kushika, mguu umemsaliti, akabaki chali kama kobe aliyepinduliwa. Polycarpe akanyoosha mkono kumvuta.

“Usinishike! Kwetu hautakuwako!”

Akagaagaa mpaka akatoka, jasho linamtiririka. Zaidi ya hayo, chuma kile kilikuwa baridi hata kupitia nguo, akafikiria bidoni zote za maji ya moto zitakazopoa ndani yake kabla mtu hajapaka sabuni. Hapana. Ya pili ilikuwa ndogo ya duara, nzuri ya kupiga picha. Mguu ulisimama wima nje yake, watu waliokusanyika wakapiga makofi. Hapana tena.

Ya tatu aliiona mwenyewe, nyuma ya maboksi ya vigae, imejaa vumbi. Polycarpe akasema hiyo ni sabo, benuari ya kuogea mtu ameketi, imekaa sana, watu wanaidharau kwa ufupi wake. Ilikuwa fupi kweli, lakini yenye kina, na ndani yake kulikuwa na kiti kilichofinyangwa humohumo, kama ngazi moja. Ukingo wake ulikuwa mpana. Kaswera akaigonga kwa ukucha: plastiki ngumu, nene, haiibi joto. Akakaa kwenye ukingo. Akauinua mguu uliofungwa kwa mikono miwili, akageuka, akautumbukiza. Akashuka kwenye kiti. Mguu ukalala mbele yake ukinyooka, kisigino kikagusa mwisho bila kusukumwa.

Akakaa pale. Nyonga ilimuuma, na kiuno, mahali ambapo hapakuwahi kumuuma. Aliomba Polycarpe amvute kidogo tu kwa makwapani, kama yeye anavyomvuta Nzanzu kila jioni, na maumivu yakampanda mgongoni hadi akang'ata midomo. Kumbe. Miaka miwili amemvuta hivyo, akidhani anamsaidia, naye hakusema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kaswera aliona huruma na aibu kwa pamoja, na hakuwa na pa kuzipeleka katika duka la watu.

“Iko muzuri, Mama?” akauliza Polycarpe. Alikuwa ameacha kucheka.

“Ngoja nitoke peke yangu. Angalia mukono yangu ya kuume inatafuta nini.”

Mkono ulitafuta hewa. Polycarpe akasimamisha ufagio mwingine pale ulipokuwa ukitafuta, akatia alama ya chaki, na Kaswera akajua bomba la kushikia litafungwa wapi ukutani. Akajua pia kwamba kiti lazima kiwe upande wa mlango. Hayo yote asingeambiwa na kamba ya Zéphyrin.

Sabo ilifika Hombo juu ya lori, kati ya magodoro. Mama Agathe akauliza kama ni mtumbwi wa kukamulia kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kama ni hivyo, ndizi zake zimeiva. Zéphyrin akaja kwa mlango wa nyuma, bila kamba. Akaijenga kwa saruji, akafunga bomba la kushikia, akageuza mlango, akatoboa njia ya maji kwenda migombani. Siku zote hizo Nzanzu hakutoka nyuma ya pazia wala hakuuliza. Saruji ilipokauka ndipo alipouliza.

“Nani alipima?”

“Miye.”

“Ulinipima nikiwa mu usingizi?”

“Nilijipima miye mwenyewe.” Kaswera akachukua ufagio na kitenge, akaufunga mguu wake mbele yake, akatembea chumbani akiuburuza, akikaa, akiinuka, akitafuta ukuta kwa mkono.

Nzanzu akaufuata mguu ule kwa macho. Hakuna aliyewahi kumwonyesha anavyotembea.

“Ulifanya vile Bukavu? Mbele ya batu?”

“Mbele ya batu bote. Banapiga na makofi.”

Nzanzu akageuza uso ukutani. Mabega yake yakatikisika, na Kaswera hakujua kama ni kicheko au ni kilio. Nadhani hata mwenyewe hakujua. Kisha akasema, “Chemsha maji.”

Maji yakachemshwa, bidoni zikamiminwa, mvuke ukajaa chumba kidogo. Kaswera akanyoosha mkono kumfungua vifungo vya shati, kama kila siku. Nzanzu akaushika mkono ule, akaurudisha taratibu kwa mwenyewe.

“Niachie.”

Mlango ukafungwa. Kaswera akabaki uani, hajui asimame wapi. Alisikia fimbo ikiegemezwa ukutani. Alisikia pumzi, maji kumwagika, kimya. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo.

“Papa Anastasie!”

“Ni sabuni.”

“Nikuletee?”

“Iko ingine.”

Akarudi nyuma hatua moja. Alikaa sana ndani, yule bwana, mpaka Kaswera akasali salamu kadhaa za rozari bila kujua amefika ya ngapi. Mlango ulipofunguka alitoka amevaa shati jeupe, nywele zimelowa, ananukia. Akampita mkewe, fimbo ikigonga saruji, akaenda zake.

Kaswera akaingia kufanya usafi, maana ndiyo kazi iliyokuwa imebaki. Hakuikuta. Benuari ilikuwa imesuguliwa mpaka kona, imesuuzwa, brashi yenye mpini mrefu imetundikwa, taulo limeanikwa juu ya bomba. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Akakaa kwenye ukingo mpana, mikono mapajani, na machozi yakamtoka, ya furaha hakika, lakini si ya furaha tupu, kwa sababu miaka miwili alikuwa ameujua mwili ule kuliko wake mwenyewe na leo ameombwa akae nje.

Bado yuko pale, sauti ya Nzanzu ikavuma kutoka mbele, kutoka dukani, ile sauti kubwa ya kuita wapakiaji:

“Mama Anastasie! Bawaba munawekaka wapi? Mutu iko anangoja!”

Kaswera akajifuta uso kwanza kwa ncha ya kitenge. Ikabidi Nzanzu aite tena.