Bibi Aliyeifumbua Sheng Yangu

Nilikuwa nikifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Waingereza huko ughaibuni, kwenye mtaa wa matajiri uitwao The Pearl. Msimu mmoja wa baridi, mama yake madam alikuja kukaa nasi. Alikuwa na miaka tisini na kitu, mwembamba kama ufagio, na mafumbo ya gazeti aliyajaza kwa kalamu ya wino, si penseli.

Siku moja nikipanga droo yake nikakuta medali.

"Ya chuo kikuu," akasema. "Nilishinda kuruka juu."

Nikayaangalia magoti yale, nikairudisha medali drooni kwa adabu.

Ijumaa, nikisukuma chapati, nikampigia binamu yangu, askari wa lindo aliyekaa Najma, mtaa mwingine wa mji uleule. Sisi tukiongea ni Sheng tupu. Hata mama yangu mzazi haambulii kitu.

"Huyu shosho ananibeba ufala," nikasema, yaani ananifanya mjinga. "Ati aliruka juu! Hiyo medali aliiokota."

Tulicheka mpaka machozi. Bibi alikuwa pale mezani, anaandika kwenye daftari lake.

Kila Ijumaa tulipiga soga hivyo. Ijumaa ya tano, nilipokata simu, akaniita.

"Shosho ni mimi," akasema. "Kila nikipita unalitaja neno hilo. Chapo ni hizo unazopika. Mengine nimeyakuta kwenye kamusi. Yasiyokuwemo ndiyo yamenifurahisha." Kisha akasoma daftarini, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya ajabu: "Mimi sikuokota medali."

Nilikosa pa kuweka uso. "Nisamehe, Bibi. Umejuaje yote haya?"

"Wakati wa vita walinitoa chuoni, nikawa nafumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani. Wao walikuwa na mashine. Wewe una binamu tu."

Madam alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. "Mama! Ulituambia ulikuwa karani wa kupiga chapa."

"Tuliapa kutosema."

"Lakini vita viliisha kabla sijazaliwa!"

"Basi nikazoea."

Madam akavuta kiti akakaa jikoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaanza kuuliza: walilala wapi, walikula nini, baba alijua? Bibi akajibu moja moja, macho yanang'aa kama ya msichana. Chapati mbili ziliungua na hakuna aliyenigombeza. Nikapunguza moto, nikaendelea kusukuma polepole, nisije nikapitwa na neno.